Salfasalazini Ikikukataa: Namna ya Kutambua Tatizo Lilipo
Mgonjwa wa vidonda vya utumbo mpana, ambavyo havipaswi kuchanganywa na vidonda vya tumbo tulivyovizoea, mara nyingi huanzishiwa salfasalazini, na wapo ambao baada ya siku chache husema dawa imewakataa. Kabla hujaamua hivyo, fahamu kwamba kidonge hicho ni dawa mbili zilizounganishwa: salfapiridini, ya jamii ya salfa, na mesalazini, inayotuliza uvimbe. Kikifika utumbo mpana, bakteria wa humo ndio wanaokata muunganiko wa dawa hizo mbili. Mesalazini hufanya kazi papo hapo, ilhali salfapiridini huingia kwenye damu na kupelekwa kwenye ini. Ini la baadhi ya watu, kwa kurithi, huichakata polepole, nao ndio wanaosumbuka zaidi.

Weka daftari. Andika kila siku saa uliyomeza dawa, idadi ya vidonge, umekwenda choo mara ngapi na kama uliona damu. Kichefuchefu au maumivu ya kichwa yanayozidi kadiri dozi inavyopanda huelekea kutokana na salfapiridini. Mwulize daktari kama mnaweza kuanza upya kwa dozi ndogo, labda kidonge cha miligramu 500 mara mbili kwa siku baada ya chakula, na kuipandisha taratibu, au kuhamia mesalazini peke yake. Mkojo wa rangi ya chungwa usikutie hofu.

Vipele, homa, koo kuuma au macho kuwa ya manjano ni jambo jingine: usimeze kidonge kinachofuata, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Aliyewahi kutokwa na vipele kwa Septrin au Fansidar aseme mapema, kwa kuwa hizo nazo ni salfa.

Kigumu zaidi kutambua ni pale mesalazini yenyewe inapokataliwa na mwili, kwa sababu kuhara damu, homa na msokoto wa tumbo katika wiki za mwanzo hufanana kabisa na ugonjwa uliochachamaa, na mgonjwa huweza kuongezewa dawa ile ile inayomdhuru. Hapo daftari huonyesha kama hali ilikuwa mbaya zaidi baada ya kuanza dawa. Daktari akiisimamisha na hali ikatulia, usiijaribu tena nyumbani.

Ukiandikiwa antibayotiki kwa maradhi mengine, mjulishe daktari kwamba unatumia salfasalazini, kwani bakteria wakipungua, sehemu ya dawa huweza kupita bila kukatwa.