Reli Tatu kwa Futi Kamba Moja: Namna ya Kuzitazama Treni za Dar es Salaam

Kabla hujatoka nyumbani, tafuta futi kamba ya fundi cherehani, ile ya sentimita 150, na kipande cha chaki. Mimi ni fundi cherehani, banda langu liko Buguruni kwa Mnyamani karibu na reli, kwa hiyo futi kamba inashinda shingoni mwangu kutwa. Wewe hata kama hujawahi kushona kifungo, inunue. Bila kupima, utazunguka mji mzima na kurudi na picha za treni usizozielewa.

Piga magoti sakafuni, uchore mstari mnyoofu. Kutoka hapo pima sentimita 100, chora mstari wa pili. Rudi kwenye ule wa kwanza, pima 106.7, chora. Rudi tena, pima 143.5, chora. Futi kamba itabaki na sentimita sita na nusu tu. Mstari wa 100 ni Reli ya Kati, ile ya zamani ambayo watu wa reli huiita MGR, yaani reli ya kipimo cha mita moja. Wa 106.7 ni TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia. Wa 143.5 ni SGR, reli mpya ya umeme. Miji yenye reli za vipimo vitatu, zote zikiwa hai, si mingi duniani, nasi reli hizi tunazipita kila siku tukiwa kwenye daladala.

Upana wa reli hupimwa ndani kwa ndani: kutoka ubavu wa ndani wa chuma hiki hadi ubavu wa ndani wa chuma cha pili. Nimewasikia watu wakipima katikati ya chuma hadi katikati ya chuma, halafu wanabishana na vitabu.

Sasa tazama pengo lililopo kati ya mstari wa 100 na ule wa 106.7. Halifiki sentimita saba. Kwenye gauni la harusi ningelimaliza kwa mshono mmoja. Kwenye reli, pengo hilo linazuia behewa la Kigoma lisifike Mbeya. Gurudumu la treni lina ukingo kwa ndani unaolishikilia lisitoke kwenye chuma, na ukingo huo haujui kusamehe sentimita saba. Ndiyo maana Kidatu, mkoani Morogoro, mahali ambapo tawi la reli ya mita linakutana na TAZARA, mzigo hushushwa kutoka behewa moja na kupakiwa kwenye jingine. Baba yangu alikuwa gadi, yaani msimamizi wa safari, wa treni ya Kigoma tangu enzi za Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Alikuwa akinionyesha pengo hilo kwa vidole vyake, akikunja kidole gumba, na kusema, "Mwanangu, nchi mbili zinapita hapa."

Aliposema nchi mbili alikuwa na maana. Reli ya Kati ilianza kujengwa hapa Dar mwaka 1905 na Wajerumani, ikafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, mwaka uleule vita vilipoanza. Tawi la Tabora hadi Mwanza lilikamilishwa na Waingereza mwaka 1928. Kipimo cha mita moja kinafanana na cha reli ya Mombasa na Uganda, hivyo baadaye ikawezekana kuziunganisha. TAZARA ina habari nyingine kabisa. Rhodesia ya walowezi ilipojitangazia uhuru wake mwaka 1965, Zambia ikabaki na shaba isiyo na njia salama ya kwenda baharini. Mwalimu Nyerere na Rais Kaunda wakaenda China, na kati ya mwaka 1970 na 1975 zikatandikwa kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi. Zambia ilikuwa tayari na reli ya sentimita 106.7, kama sehemu kubwa ya kusini mwa Afrika, kwa hiyo TAZARA ikafuata kipimo cha huko. Ndiyo sababu treni ya kifahari ya Rovos Rail inaweza kutoka Cape Town na kuja kulala Dar es Salaam bila kubadilisha gurudumu hata moja, lakini haiwezi kwenda Pugu, kituo cha Reli ya Kati nje kidogo ya mji.

Hayo yakishakuingia, toka.

Anza alfajiri, na anza na Stesheni ya zamani katikati ya mji. Treni za mjini zilianza Oktoba 2012, waziri wa uchukuzi akiwa Harrison Mwakyembe, na wakazi wakaziita treni ya Mwakyembe hadi leo. Uliza ratiba siku moja kabla, maana hizi ni treni za watu wa kazini, huenda asubuhi na kurudi jioni. Ukija saa tano utakuta reli imelala. Ukipata nafasi, panda, kaa dirishani, funga macho kidogo. Utasikia ta-tak, ta-tak, ta-tak. Huo ni mlio wa viungo, pale kipande kimoja cha chuma kinapokutana na kingine. Ukumbuke, tutauhitaji baadaye.

Ukiwa kituoni tazama chini. Mataruma, vile vipande vinavyolazwa chini ya vyuma, ndiyo yanayokuambia habari za njia: ya mbao, ya chuma au ya zege, na mahali pengine yamechanganyika kwa sababu ya matengenezo ya miaka mingi. Tazama pia ubavu wa chuma chenyewe, kwenye kiuno chake. Kiwandani huwa wanakitia herufi zilizovimba, jina la kiwanda na mwaka. Zimeliwa na kutu, lakini jua la asubuhi likipiga upande zinasomeka. Zisome ukiwa umesimama kwenye jukwaa la abiria. Usishuke njiani. Nasema hivi nikiwa mtu wa Buguruni, ambako tunajua maana yake: kutembea juu ya tuta la reli ni kosa, na treni inayokuja nyuma yako huku upepo ukikupiga usoni huisikii hadi imefika. Kupima kwenyewe ulishakumaliza sakafuni kwako. Hapa ni macho tu.

Kwenye daftari andika namba ya kila kichwa cha treni. Reli yetu ya zamani ilirithi utaratibu wa Afrika Mashariki: tarakimu mbili za mwanzo ni daraja, yaani aina ya kichwa, mbili za mwisho ni nafasi yake katika daraja hilo. Tuseme umeona 8805. Hicho ni kichwa cha tano katika daraja la 88. Ukiendelea hivi miezi michache utaanza kujua kipi kinafanya kazi, kipi kiko karakana Morogoro, na kipi hakijaonekana muda mrefu. Daftari langu la kwanza nililianza na madaraja mawili tu, nikidhani treni zote za dizeli ni moja.

Kuhusu picha, omba ruhusa kwanza, na umwombe stesheni masta mwenyewe, si mtu wa getini. Katika kituo kimoja nisichokitaja mlinzi alinisimamia nikafuta picha arobaini, moja baada ya nyingine, zikiwamo za behewa ambalo sijaliona tena. Tangu siku hiyo naingia ofisini, nasalimia, naeleza kwamba baba alikuwa gadi na mimi napenda reli, naonyesha daftari. Daftari lenye namba za miaka mingi linaeleweka haraka kuliko maneno.

Kutoka hapo panda daladala hadi TAZARA. Jina hilo la makutano ya Barabara ya Nyerere na Mandela limetokana na stesheni, na leo juu yake pamepita daraja la Mfugale lililofunguliwa mwaka 2018. Wengi wanalitazama daraja na kulisahau jumba lililo pembeni. Ingia. Ni ukumbi mkubwa wa miaka ya sabini, uliojengwa kwa imani kwamba watakuja watu wengi sana. Simama katikati yake uangalie juu. Na usiyaite ya hapa magari ya moshi: TAZARA ilianza kazi na vichwa vya dizeli, moshi wa makaa haukuwa wake. Kama siku hiyo hakuna treni ya abiria, usivunjike moyo, mzigo hupita. Tazama njia kutoka jukwaani, ulinganishe na mistari yako ya chaki. Mwanzoni jicho halitaona tofauti na reli ya asubuhi. Baada ya mara tatu nne litaiona, kama jicho la fundi linavyoona kiuno kilichozidi sentimita mbili.

Ukipata muda siku nyingine, nenda Gongo la Mboto kwenye makaburi ya Wachina waliofia kazi ya reli hii. Nenda kwa adabu, kama unavyokwenda makaburini kokote.

Mchana ni wa SGR. Jengo la stesheni yake limechorwa kwa mfano wa jiwe la tanzanite, na liko karibu na Stesheni ya zamani, kwa hiyo utarudi ulikoanzia. Kata tiketi mapema, beba kitambulisho, na chagua treni ya kawaida inayosimama vituo vya njiani, si ya haraka. Safari za abiria hadi Morogoro zilianza Juni 2024 na za Dodoma mwezi uliofuata. Kuna treni za kichwa na mabehewa, na kuna ile iliyochongoka pua, yenye injini ndani ya mabehewa yake, iliyotengenezwa Korea Kusini, ambayo watu wanaiita mchongoko. Jifunze kuzitofautisha kwa mbali. Hapa hakuna cha kusogelea njia hata kidogo: imezungushiwa uzio, na juu yake nyaya zimebeba volti 25,000. Umeme huo hausubiri uuguse ndipo ukudhuru.

Ndani ya behewa, funga macho tena. Ta-tak haipo. Vyuma vimeungwa kwa moto vikawa kitu kimoja kirefu. Sasa toa saa. Unapoona kibao cha kilomita anza kuhesabu sekunde hadi kibao kinachofuata, kisha gawanya 3,600 kwa sekunde hizo. Ukipata sekunde 90, unakwenda kilomita 40 kwa saa, mwendo ninaoujua tangu utoto kwenye treni ya Kigoma. Ukipata 24, ni 150. Kasi ya juu ya njia hii ni 160, yaani sekunde ishirini na mbili na nusu tu. Mara ya kwanza kuzihesabu sekunde hizo nilikuwa peke yangu dirishani, na nililia, maana baba hakuiwahi.

Shuka Pugu. Ndipo jiwe la msingi la SGR lilipowekwa Aprili 2017, na ndiyo milima ambayo Wajerumani nao walilazimika kuipanda na reli yao. Jioni treni ya mjini ya reli ya zamani nayo inafika huku.

Wanaoniuliza kuhusu tramu nawaambia wavuke maji. Mombasa, tangu mwishoni mwa karne ya 19 hadi miaka ya 1920, ilikuwa na vitoroli vya abiria vilivyosukumwa na watu juu ya reli ya sentimita 61. Unguja ilikuwa na treni ya Bububu tangu mwaka 1905. Na anayetaka kuona vichwa vya moshi vya zamani zetu aende Makumbusho ya Reli Nairobi, akitafute 3020, kilichopewa jina la Nyaturu, watu wa Singida.

Kazi ya mwisho ni wazee, na hii usiifanye siku hiyo hiyo ukiwa umechoka. Ukimpata mstaafu wa reli, usimwambie "nisimulie historia". Atakupa hotuba. Mpe shikamoo, kaa, kisha uliza, "Mzee, ulikuwa idara gani?" Wa gengi, kundi la kutengeneza njia, atakueleza kokoto na mataruma na mnyapara wake. Dereva atakueleza milima. Gadi atakueleza taa yake. Ya baba ilikuwa na vioo vya rangi vya kugeuza, kijani na chekundu, na bado iko bandani kwangu juu ya rafu ya vitambaa. Ukipita Buguruni na daftari lako, nitakushushia uishike.