Ngazi ya mbao ya zamani: ikwangue, usiing'oe, na grainda iache kwenye chuma

Kabla hujaita fundi aje aing'oe ngazi yako ya zamani akuwekee ya zege na tailizi, naomba kwanza uchukue kisu ukwangue rangi kidogo mahali pasipoonekana, chini ya kidato au nyuma ya nguzo, uone kuna nini. Nyumba nyingi za ghorofa za zamani huku pwani, Mji Mkongwe Unguja, Mombasa Mji wa Kale, Tanga mjini, zilijengwa kipindi ambacho mbao ngumu ndo zilikuwa mbao za kawaida, mvule, mninga, mkongo, au msaji ule uliokuwa unakuja na majahazi kutoka India, halafu baadae kila aliyekaa humo akapaka rangi yake juu ya rangi ya mwenzake, maziwa, kijani, kahawia, mpaka mtu anaangalia anasema aah hii mbao ya hovyo tu. Siyo ya hovyo jamani. Ubao mpana wa mninga usio na fundo, mkavu wa miaka na miaka, leo ukiutafuta utazunguka sana na ukiupata bei yake utakaa chini kwanza. Wewe unao tayari, uko chini ya miguu yako, kazi ni kuufunua tu.

Na kwa walio ndani ya Mji Mkongwe, kung'oa ngazi siyo uamuzi wako peke yako, lile ni eneo la Urithi wa Dunia tangu 2000 na kuna Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, nenda ukaulize kabla hujagusa kitu kikubwa. Kusafisha na kupaka upya ni kazi ya nyumbani, kubadilisha ni habari nyingine.

Haya, anza na uzima wa ngazi kabla ya uzuri wake. Pita kila kidato ukigonga kwa mpini wa nyundo, penye sauti ya uwazi choma na bisibisi nyembamba, ikizama kirahisi hapo mchwa kashapita au pameoza. Angalia pia vitundu vidogo vya bungua, vitundu vyenyewe siyo shida, shida ni unga mpya mweupe unaodondoka chini yake, huo unamaanisha wamo bado wanakula, tia dawa ya wadudu wa mbao kwa sindano kwenye vitundu na upake upande wa chini usio na rangi. Mahali pa kuangalia kuliko pote ni chini kabisa, pale zile mbao mbili za ubavuni zinazobeba vidato zinapokaa sakafuni na kugusa ukuta. Kuta za zamani ni mawe ya matumbawe na chokaa, zinavuta unyevu toka chini na kuutoa taratibu, sasa mtu akija akapiga plasta ya saruji juu yake ule unyevu unakosa pa kutokea unaingia kwenye mbao. Kama ngazi yako imeoza hapo chini halafu ukuta wa jirani una saruji, usihangaike na vanishi kabla hujarudishia chokaa, utapaka leo na mwakani itabanduka.

Kidato kinacholia ukikanyaga kimeachia mahali. Kama unaweza kuingia chini ya ngazi, chonga kabari nyembamba ya mbao, paka gundi, ipenyeze kwenye mwanya kati ya kidato na mbao inayokibeba, gonga polepole mpaka ikae, usigonge mpaka ukainyanyua. Kama chini pamezibwa, toboa kwa drili toka juu na ufunge skrubu, na hapa nasisitiza, mbao ngumu usiifunge skrubu bila kutoboa tundu kwanza, itapasuka au skrubu itakatika kichwa. Tumia za shaba au za chuma kisichoshika kutu. Misumari ya kawaida kwa hewa ya chumvi ya huku inaota kutu haraka, na kutu ikikutana na mbao kama mvule au msaji inaacha doa jeusi kama wino.

Sasa rangi. Hapa ndipo penye hatari ya kweli na ndipo watu wanapopapuuza kabisa. Rangi za zamani za mafuta nyingi zilikuwa na madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, watoto wadogo ndo inawaharibu zaidi, akili na ukuaji. Kwa hiyo ngazi yenye rangi za tabaka nyingi ichukulie kwamba inayo. Maana yake usiisugue kavu kwa mashine ukajaza vumbi nyumba nzima, na usiichome kwa moto wa gesi, moshi wake ni mbaya kuliko vumbi. Watoto na mama mjamzito wahame kabisa siku za kukwangua, funika sakafu kwa nailoni nzito, funga milango ya vyumba kwa nailoni na tepu, vaa barakoa ya vumbi ya kweli inayobana usoni, siyo kitambaa. Ukimaliza kila siku usifagie, pangusa kwa kitambaa kibichi, mabaki funga kwenye mfuko, nguo za kazi fua peke yake.

Njia ninayoipenda ni rimuva ya rangi, ile ya kupaka. Unaipaka nene kwa brashi ya zamani, hupaki mara mbili mbili unaiweka tu, unafunika na nailoni isikauke na upepo, unaisubiri kama maelekezo ya kopo yanavyosema mpaka rangi ivimbe na kukunjamana, halafu unakwangua kwa skrepa isiyo kali kufuata mshipa wa mbao. Tabaka nyingi utarudia. Soma kopo, kama lina kitu kinaitwa methileni kloraidi liache dukani, mvuke wake umeua watu waliokuwa wanafanya kazi kwenye chumba kisicho na hewa, na mahali pa ngazi mara nyingi ndo hapo hapana dirisha. Zile nguzo ndogo za reli zilizochongwa kwenye mashine zina mikunjo mingi, hapo tumia kamba ya katani au kitambaa kigumu, unakivuta huku na huku kama mtu anayepiga viatu rangi, na mswaki mgumu kwenye makona. Inachosha, sikudanganyi, reli na nguzo zake zinakula muda kuliko vidato vyote, ila usiziache na rangi huku chini kukawa mbao tupu, itaonekana kazi nusu.

Kama juu hakuna rangi ni vanishi tu ya zamani, jaribu kwanza ujue ni nini. Loanisha pamba na spiriti uguse, ikilainika na kunata ni shelaki, vanishi ya kizamani inayoyeyuka kwa spiriti, itatoka kwa spiriti na kitambaa bila hata rimuva. Isipolainika jaribu thina ya vanishi za kupuliza. Ikigoma zote mbili ni vanishi ya mafuta au poliyurethani, ile vanishi ngumu ya kisasa, rudi kwenye rimuva.

Mafundi wengi wakifika hapa wanatoa grainda, wanafunga disiki ya msasa, na dakika kumi kidato kinang'aa. Nimeona ngazi nzuri sana zimeharibiwa hivi, roho inauma kweli. Grainda inazunguka kwa kasi kubwa na inagusa kwa ukingo, inachimba mabonde ambayo mbao ikiwa kavu huyaoni, ukija kupaka vanishi taa ikawaka yanatokeza yote, miduara miduara ngazi nzima, na kuyafuta inabidi utoe mbao nyingi. Fundi wako ni mzuri lakini mwambie grainda ibaki kwenye mageti. Mashine ya msasa ya kutetemeka inatosha, kwenye makona tumia kipande cha ubao ulichokivungia msasa, na siku zote fuata mshipa wa mbao.

Msasa, namba ikiwa ndogo ndo unakwaruza zaidi, anza namba 80, 60 ni kwa penye mikwaruzo ya kina tu, halafu 120, halafu 150 na uishie hapo kwa vidato. Reli na nguzo unaweza kwenda 220 maana hizo zinashikwa na mkono, lakini kidato ukikilainisha sana kitateleza na vanishi haitashika vizuri. Usiruke namba, kila msasa kazi yake ni kufuta alama za uliotangulia. Ukingo wa mbele wa kidato upige msasa uwe duara kidogo sana, kwenye kona kali vanishi hukaa nyembamba na ndipo huanza kuchubuka. Yale mabonde ya miguu katikati ya vidato, yale yaliyotokana na watu kupanda na kushuka miaka yote hiyo, mimi nasema yaache, ilimradi hayamkwazi mtu, kuyasawazisha ni kupunguza unene wa kidato bure na ile ndo sura yenyewe ya ngazi ya zamani. Na barakoa usiivue hata kama rangi imeisha, vumbi la mvule na la mninga linawasha ngozi na pua vibaya.

Madoa meusi ya misumari hayatoki kwa msasa, yameingia ndani. Tafuta asidi ya oksaliki, ni unga mweupe, koroga kwenye maji ya moto kwenye chombo cha plastiki, paka ubao mzima siyo doa peke yake ili rangi ilingane, acha ikauke, osha kwa maji mengi, iache siku kadhaa ikauke kabisa. Glovu na miwani lazima, ni sumu, na usisugue yale mabaki meupe yakiwa makavu. Matundu ya misumari ziba kwa vumbi la mbao yenyewe ulilolikusanya wakati wa msasa wa mwisho, changanya na gundi ya mbao, mara nyingi inakaribiana rangi kuliko puti ya dukani.

Toa vumbi lote, na nikisema lote namaanisha fyonza kwa mashine, pangusa kwa kitambaa kilicholowa thina kidogo, subiri vumbi la hewani litue, pangusa tena. Msaji ni mbao yenye mafuta, huo upanguse kwa thina muda mfupi tu kabla ya kupaka, ukichelewa mafuta yanapanda juu tena na vanishi inakataa kukauka.

Kuhusu cha kupaka, kile mnachozoea kwenye makochi na milango, sandingi sila, ile ya kuziba vinyweleo vya mbao, halafu klia ya kupuliza, kwenye vidato sikishauri. Kinakauka haraka na kinapendeza lakini hakihimili kukanyagwa. Chukua poliyurethani ya sakafu, na usiweke sandingi sila chini yake, nyingi zina unga wa kulainisha msasa ambao poliyurethani haishiki juu yake, badala yake mkono wa kwanza wa poliyurethani yenyewe uuzimue na thina kama asilimia 10 hivi uzame kwenye mbao. Hiyo ni kwa ya mafuta, ya maji fuata kopo. Mikono mitatu kwa vidato, miwili inatosha kwa reli. Katikati ya mikono piga msasa 220 kwa mkono mwepesi, pangusa, endelea. Chagua isiyong'aa sana, inayong'aa kama kioo inateleza na inaonyesha kila mkwaruzo.

Hesabu ya kopo iko hivi. Kidato cha upana wa sentimita 90 na kina cha 28 ni kama robo mita ya mraba, ubao wa kusimama wa sentimita 18 unaongeza kama 0.16, kwa hiyo ngazi ya vidato 14 ni karibu mita 6 za mraba, mikono mitatu ni 18. Lita moja kwa kawaida inapaka mita 10 hadi 12, ukinunua lita mbili zinatosha, ongeza kidogo kwa ajili ya reli.

Masika usipake kama unaweza kusubiri, hewa ikiwa na maji mengi, poliyurethani ya mafuta inachukua muda sana kukauka na inapata ukungu mweupe. Na kama mnaishi humo humo na ngazi ni hiyo moja, paka kidato kimoja ruka kimoja, weka alama ya tepu kwenye vile vya kukanyaga, vikikauka unahamia kwa wenzake, ila wazee na watoto walale chini siku hizo, kuruka kidato usiku siyo mchezo. Paka toka juu ukishuka. Baada ya siku moja unaweza kupita na soksi, viatu na mazulia subiri wiki mbili tatu, vanishi inakuwa kavu juu muda mrefu kabla ya kukomaa ndani.

Vitambaa vilivyolowa vanishi ya mafuta au mafuta ya linsidi msivikunje mkavirundika kwenye kona au ndani ya ndoo. Vinapata joto vyenyewe vikikauka na vinaweza kuwaka moto bila kiberiti, na nyumba hizi zina maboriti ya mikoko na mbao juu mpaka chini. Vitandaze nje kimoja kimoja mpaka vikauke vigumu, au vizamishe kwenye maji kwenye kopo la bati lenye kifuniko.

Ikishakuwa tayari, adui yake mkubwa ni mchanga wa viatuni, weka jamvi mlangoni na mfagie mara kwa mara, na dekio liwe limekamuliwa, siyo maji ya kumwaga. Ukiona ukingo wa mbele wa vidato umeanza kupauka, usisubiri mbao ionekane, piga msasa 220 kidogo na uongeze mkono mmoja, ni kazi ya jioni moja, lakini ukichelewa mpaka uchafu ukaingia kwenye mbao yenyewe itabidi urudi kwenye msasa namba 80.