Somo: Kidonge na mizizi vinapita njia moja mwilini

Assalaam alaykum wanachama. Wengi mnauliza dawa ipi inapatana na ipi. Jibu halieleweki vizuri mpaka mtu ajue dawa inapita wapi baada ya kumezwa, basi leo tuifuate hatua kwa hatua. Nikisema dawa nakusudia zote, ya hospitali na ya mizizi, majani au habbasoda. Mwili hauna mlango wa pili kwa ajili ya dawa za asili.

Hatua ya 1: Kunyonywa. Meza kwa maji ya kutosha na usilale papo hapo. Kidonge huyeyuka tumboni, lakini sehemu kubwa hunyonywa kwenye utumbo mwembamba. Hapa chakula kina neno lake. Dawa mseto ya malaria yenye lumefantrini huingia vizuri zaidi ikiandamana na mafuta, kwa hiyo wali wa nazi au maziwa yanaisaidia. Siprofloksasini, ambayo ni antibiotiki, ni kinyume chake: inashikana na madini ya maziwa na sehemu yake inatoka na choo. Anza na dawa, maziwa yasubiri angalau masaa 2.

Hatua ya 2: Ini. Someni hapa taratibu. Damu inayotoka kwenye utumbo haiendi moja kwa moja mwilini, inapita kwanza kwenye ini. Hiyo ndiyo forodha: dawa inakaguliwa, inavunjwavunjwa na vimeng'enya, yaani protini za mwili zinazofanya kazi hiyo, na nyengine hupungua sana kabla hazijafika zinakotakiwa. Ndiyo maana kuna kidonge cha maumivu ya moyo kinachowekwa chini ya ulimi. Kikimezwa, ini hukimaliza karibu chote.

Vimeng'enya hivyo vinaweza kuzuiwa au kuchochewa. Maji ya balungi huvizuia kwenye ukuta wa utumbo, kwa hiyo nifedipini ya presha huingia kwenye damu kwa wingi kuliko alivyokusudia daktari. Athari hiyo hudumu zaidi ya siku moja, kwa hiyo kunywa balungi asubuhi na dawa usiku hakusaidii. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya kinyume: huvichochea, na vidonge vya uzazi wa mpango vinakosa nguvu. Mama anayetibiwa kifua kikuu aulize njia nyengine mapema.

Sehemu kubwa ya parasetamoli ini huifunga ikatoka na mkojo, lakini sehemu ndogo hugeuka sumu, na ini lina akiba ya kuizima. Ili akiba hiyo isiishe, mtu mzima asipite gramu 4 kwa masaa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake, nazo zihesabiwe. Na sisi watu wa karafuu tusidanganyike na harufu nzuri: mafuta ya karafuu akiyanywa mtoto mdogo, hata kiasi cha vijiko viwili vya chai, yanaweza kuliharibu ini lake. Yafungiwe juu kabatini.

Hatua ya 3: Damu huisambaza dawa mwilini.

Hatua ya 4: Kutoka. Figo hutoa mabaki kwa mkojo. Metformini ya sukari haivunjwi na ini kabisa, hutoka kama ilivyoingia. Figo zikichoka inabaki mwilini, ndiyo maana daktari hupima figo kabla ya kupanga kipimo.

MASWALI

Dada wa Wete: Nimekunywa sanamaki ya kufungua choo, masaa mawili yamepita kimya. Niongeze?
Usiongeze, dada. Sanamaki haifanyi kazi mpaka ifike utumbo mpana, bakteria waifungue. Huchukua masaa 6 mpaka 12. Ukiongeza, dozi mbili zitakukuta pamoja, na utapoteza maji na chumvi za mwili.

Kaka wa Makunduchi: Nina antibiotiki ya mara tatu kwa siku na Ramadhani imefika.
Kutoka futari mpaka daku ni kama masaa 10 tu. Usizibane zote humo, wala usiruke dozi. Muone daktari leo, huenda ikapatikana ya mara moja au mbili. Ikiwa haipo na ugonjwa ni mzito, mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa siku nyengine.

Mama wa Chake Chake: Mama yangu anameza dawa za sukari na anakunywa uwatu kila asubuhi. Namwambiaje daktari bila ya kugombwa?
Mwambie tu, mamaangu. Uwatu wenyewe unaweza kushusha sukari, na ule utelezi wake unaweza kuchelewesha kunyonywa kwa dawa, kwa hiyo aviachanishe kwa masaa 2. Akitokwa jasho na kutetemeka, apewe kitu kitamu kwanza, kisha apimwe sukari. Siku ya kliniki chukua mbegu zenyewe kwenye mfuko, na uandike anatumia kijiko gani na saa ngapi.