Baridi ya manyunyu mlimani: mambo ya kuamua kabla akili haijapoa

Kilichonishtua ni zipu. Tulikuwa tumetembea saa tatu kwenye manyunyu yenye upepo, juu kidogo ya pale miti inapoishia, na mwenzangu alisimama mbele yangu akihangaika kufunga koti. Zipu haikuwa imekwama. Vidole vyake viliishika vikaiachia, viliishika vikaiachia, kama vya mtoto anayejifunza kuvaa. Nilishamuuliza mara mbili kama yuko sawa, na mara zote mbili alinijibu, "Niko sawa, twende." Hakunidanganya, aliamini alichosema. Na mimi niliyeridhika na jibu hilo nilikuwa nimeanza kupoa vilevile, ndiyo maana niliridhika.

Tangu siku ile nimeacha kumuuliza mtu mlimani kama yuko sawa. Baridi inapouingia mwili, busara ya kuitambua huondoka mapema sana. Kwa hiyo karibu kila ninachoeleza hapa ni jambo la kuamua ungali mkavu, umeshiba, na kichwa kinafanya kazi.

Hakukuwa na theluji wala barafu. Kipimajoto kidogo nilichofunga kwenye mkoba kilionyesha nyuzi joto 8, hali ambayo mtu mkavu mwenye sweta haitilii maanani. Lakini joto la ndani ya mwili hukaa karibu na nyuzi 37, na likishuka chini ya 35 tayari ni haipothemia. Maji hunyonya joto la mwili takriban mara 25 zaidi ya hewa tulivu yenye ubaridi uleule. Upepo nao huipeperusha ile hewa vuguvugu iliyojikusanya kwenye ngozi, mwili ukalazimika kupasha nyingine, nayo ikapeperushwa. Halafu kuna mwinuko: kwa kila mita 1,000 unazopanda, hewa hupoa nyuzi 6 au 7 hivi. Mtu aliyeondoka chini akitokwa jasho hukutana juu na hali nyingine kabisa, na fulana yake imeshalowa kabla hata mvua haijaanza.

Anayedhani miguu yenye nguvu inatosha akumbuke yaliyotokea mkoani Gansu, China, tarehe 22 Mei 2021. Wakimbiaji 172 walianza mbio za milimani za kilomita 100, wengi wakiwa na kaptura na fulana nyepesi. Mvua ya baridi, mvua ya mawe na upepo mkali viliwakuta kwenye sehemu ya juu ya njia, na 21 wakafa. Walikuwemo wakimbiaji hodari miongoni mwa waliokufa. Mchungaji mmoja wa kondoo aliokoa 6 kwa kuwaingiza kwenye pango alimokuwa amejikinga na kuwawashia moto. Ukitazama alichowapa, ni vitu viwili tu: mahali pasipo upepo na joto. Mara nyingi sijaona haja ya kumpa mtu dawa nyingine.

Nguo

Pamba iache nyumbani. Suruali ya jinzi na fulana ya pamba hunywa maji, huyashikilia, na hukauka polepole mno. Machi 1964 vijana 3 walikufa Uingereza kwenye matembezi ya mashindano yanayoitwa Four Inns. Griffith Pugh, mtaalamu wa fiziolojia aliyekuwa kwenye msafara wa Everest wa 1953, alichunguza vifo hivyo na kuonyesha jinsi nguo iliyolowa ikipigwa na upepo inavyopoteza sehemu kubwa ya uwezo wake wa kutunza joto. Vaa sufu au poliesta kwenye ngozi. Sweta nyepesi juu yake. Halafu koti lisilopitisha maji wala upepo. Jaketi la manyoya ya bata ni zuri penye ukavu, ila yakilowa hujikunja na kuwa kama kitambaa kitupu. Kwa safari ya mvua mimi hubeba lililojazwa nyuzi bandia, japo ni zito zaidi.

Jasho ni adui mkubwa kuliko watu wanavyofikiri. Anza kutembea ukihisi baridi kidogo. Dakika 10 za mwanzo zitakupasha. Ukiona jasho, vua tabaka moja au punguza mwendo. Koti la mvua, kinyume chake, livae matone ya kwanza yanapodondoka. Siku ile tulisema, "Itapita sasa hivi," tukasubiri nusu saa. Tulipoyavaa makoti, tulikuwa tumefungia maji ndani.

Nguo za akiba

Hapa naomba unisikilize vizuri, maana ndipo wengi wanapokosea, nami nilikosea kwa miaka. Beba seti moja ya nguo ambazo hutembei umezivaa kamwe: fulana ya mikono mirefu, suruali ya ndani ya joto, soksi nene, kofia. Zifunge kwenye mfuko wa plastiki mzito, uukunje mdomo mara tatu. Hizo ni za ndani ya hema na za dharura tu.

Ugumu wake si kuzibeba. Ugumu huja asubuhi ya pili, mvua inanyesha, nguo za jana zimelala kwenye kona ya hema zikiwa mbichi na baridi kama samaki, na umevaa kavu. Kila kiungo cha mwili kitakushawishi utoke na hizo kavu. Vua. Zirudishe kwenye mfuko, vaa zile mbichi, ukaze kamba, uanze kutembea mara moja. Dakika 15 utateseka, kisha mwili utazipasha. Ukitoka na zile kavu, baada ya saa moja utakuwa na seti mbili zilizolowa na usiku mzima mbele yako.

Mkoba

Kitu cha kukuokoa kisikae chini ya mkoba. Juu kabisa naweka koti la mvua, kofia, glavu na sweta la ziada. Chini yake, ninapofikia kwa mkono mmoja, mfuko mkubwa wa plastiki nzito ambao mtu mzima anaingia wote. Kipande cha godoro la sponji ngumu hukaa nje ya mkoba, ili nikisimama nikalie, kwa sababu ardhi mbichi hunyonya joto kupitia makalio na mgongo kwa kasi ya kutisha. Chakula kidogo chenye sukari na mafuta hukaa mfukoni mwa koti, vifuniko vyake vimeshafunguliwa tangu asubuhi. Vidole vilivyokufa ganzi havipasui plastiki. Kula kidogo kila saa hata kama huna hamu, maana kutetemeka ni kazi ngumu ya misuli na kunahitaji kuni. Kunywa pia, baridi huficha kiu na wakati huohuo hukufanya ukojoe zaidi.

Saa ya kugeuka

Mwaka 1892 Mskoti William Naismith alitoa kanuni ambayo bado inatumika: saa moja kwa kila kilomita 5, pamoja na saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Njia ya kilomita 12 yenye mpando wa mita 900 ni kama saa 4 kasoro dakika 6, bila kupumzika. Penye mvua na mkoba mzito mimi huongeza theluthi moja. Ukishapiga hesabu, andika saa ya kugeuka kwenye karatasi kabla ya kuondoka: ikifika saa saba mchana tunarudi, hata kilele kikiwa kinaonekana. Iandike. Makubaliano ya mdomo huanza kujadiliwa upya pale juu, na wanaojadili ni watu waliopoa.

Kupimana

Badala ya kuuliza, mimi na mwenzangu sasa tunapimana. Kila nusu saa kwenye mvua mmoja anasema "vidole", na wote wawili tunavua glavu na kugusanisha kidole gumba na kidole cha mwisho cha mkono uleule. Anayeshindwa, tunasimama, hakuna mjadala. Nikiwa na wasiwasi zaidi namwambia atembee hatua 10 kwenye mstari mnyoofu, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma.

Zipo dalili nyingine za kumsoma mtu bila kumwambia: anajikwaa kwenye njia nzuri, vitu vinamponyoka, maneno yanakuwa mazito, ananung'unika au ananyamaza ghafla wakati kwa kawaida ni mwongeaji. Amebaki nyuma wala haombi asubiriwe. Kutetemeka sana ni ishara kwamba mwili bado unapigana. Akiacha kutetemeka huku angali amelowa na amepoa, usifurahi. Hapo hali imekuwa mbaya. Wengine hufika hatua ya kuhisi joto kali na kuanza kuvua nguo. Mfunike, umshike, usimsikilize.

Mtu akishapoa

Ondoka kwenye upepo kwanza. Ukiweza kushuka salama, shuka upande usiopigwa na upepo, lakini mtu anayeyumba usimlazimishe kutembea. Simamisha hema au ingieni kwenye mfuko wa plastiki. Tandika chini kila ulicho nacho, godoro, kamba, mkoba mtupu, kabla ya kumfunika juu. Kisha mvue nguo zilizolowa akiwa ndani ya kinga, mvishe kavu, kofia usiisahau, na umwingize kwenye mfuko wa kulalia.

Kama anaongea vizuri na anaweza kushika kikombe mwenyewe, mpe kinywaji cha vuguvugu chenye sukari nyingi na kitu cha kula. Jaza chupa maji ya moto, izungushie soksi isimuunguze, uiweke kifuani na kwapani. Usimsugue mikono wala miguu. Usimpe pombe: hupanua mishipa ya ngozi, mtu akahisi joto huku joto la ndani likizidi kutoka. Abaki ametulia angalau nusu saa kabla ya kusimama.

Aliyelegea, asiyejibu au aliyeacha kutetemeka anahitaji waokoaji, na upige simu hiyo mapema. Mlaze chali, mgeuze polepole kama unayebeba mayai, kwa sababu moyo uliopoa huvurugika kwa mtikisiko mdogo. Usimpe kitu mdomoni. Akiwa hapumui, anza kumsukuma kifua, wala usikate tamaa kwa kuwa ni wa baridi na anaonekana amekufa. Mwaka 1999 daktari wa Sweden, Anna Bågenholm, alinaswa chini ya barafu ya kijito nchini Norway. Joto la mwili wake lilishuka hadi nyuzi 13.7, na alipona.

Mwenzangu hakufika huko. Nilitaka kufungua bizimu la mkoba wangu nikakuta na mimi vidole havinitii, nikalifungua kwa meno. Hema lilituchukua muda mrefu kuliko siku nyingine yoyote. Alivaa nguo za akiba, akaingia kwenye mfuko wa kulalia, akatetemeka hadi nguzo za hema zikawa zinagonga. Baada ya kikombe cha pili aliniuliza tuko wapi. Nikamwambia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema hakumbuki kuvuka kile kijito cha mwisho, ambacho tulikivuka dakika 40 kabla ya ile zipu.