Watoto wa Mimba Moja, Baba Wangapi? Jinsi ya Kusoma Alama za Vinasaba

Mbwa jike akiwa kwenye joto anaweza kupandwa na madume kadhaa, na watoto wa mimba moja wakawa na baba tofauti. Rangi ya manyoya si ushahidi. Pima vinasaba.

1. Chukua sampuli ya mama na ya kila mtoto, hata aliyekufa. Huenda ndiye pekee wa baba wa pili. Damu iingie kwenye chupa yenye EDTA, si heparini (zote huzuia damu isigande), kwani heparini huzuia PCR, yaani njia ya kunakili DNA mara nyingi ili isomeke.

2. Chagua alama ziitwazo maikrosatelaiti (sehemu za DNA zenye kipande kifupi kinachojirudia) zenye aleli nyingi, yaani matoleo mengi ya urefu tofauti, na zilizo kwenye kromosomu tofauti. Mimi huanza na 10 hivi.

3. Ondoa aleli ya mama. Kazi yenyewe ndiyo hii. Kila mtoto hupata aleli moja kwa mama na moja kwa baba. Tuseme kwenye alama moja mama ni 152/158 (namba ni urefu wa kila aleli), na watoto ni 152/160, 158/164, 152/156, 158/158 na 152/158. Watatu wa kwanza wamepata 160, 164 na 156 kwa baba. Wa nne kapewa 158 na wazazi wote wawili. Wa tano kafanana na mama, kwa hiyo huwezi kujua ipi ni ya baba. Mweke kando, alama nyingine zitamsemea.

4. Hesabu aleli za baba. Dume mmoja hana zaidi ya 2 kwenye alama moja. Hapa zipo 4, basi baba hawapungui wawili, wanaweza kuzidi. (Kwa nyuki hesabu ni nyingine: dume ana seti moja tu ya kromosomu, hivyo aleli 2 tayari ni madume wawili.)

5. Usitangaze matokeo kwa alama moja. Mabadiliko ya ghafla ya jeni huzaa aleli mpya, na aleli bubu, isiyonaswa na praima (kipande kifupi cha DNA kinachoanzisha PCR), humfanya mtoto aonekane 158/158 ilhali sivyo. Ukimtilia shaka wa nne wetu, bado zinabaki 3, nazo zinatosha. Hata hivyo, mimi hutaka alama mbili au zaidi zikubaliane.

6. Ukiwa na sampuli za madume, linganisha. Usipokuwa nazo, programu ya COLONY huwapanga watoto kwa makundi ya baba mmoja. Madume wakiwa ndugu, ongeza alama: aleli zao hufanana mno, na baba wawili huweza kuonekana mmoja.