Somo: Kubadilisha moduli ya IGBT isiyotengenezwa tena kwenye inveta ya mota

Inveta nyingi za viwandani (vifaa vinavyoendesha mota kwa kasi unayotaka) zinaishi muda mrefu kuliko moduli za IGBT zilizomo ndani yake, yaani transista za nguvu zinazowasha na kuzima umeme wa mota. Mashine bado nzima, mota nzima, ila moduli imeungua na aliyeitengeneza aliacha zamani. Fundi anatafuta nyingine ya ampea na volti zilezile, anafunga, inazunguka siku tatu, inapasuka. Sababu kubwa ni mbili: moduli mpya haikulinganishwa upande wa geti (pini inayoiamuru transista iwake au izime), au kilichoua ile ya kwanza bado kimo ndani. Somo hili linafuata mambo hayo mawili.

Kabla ya kugusa

Inveta ya volti 400 hubeba takriban volti 565 za DC kwenye kapasita zake, na mota inapopigwa breki hupanda mpaka 700 na zaidi. Kata umeme, funga swichi kwa kufuli, subiri muda ulioandikwa kwenye kifuniko (kwa kawaida dakika 5 hadi 15), kisha pima mwenyewe kati ya DC+ na DC− (ncha chanya na hasi za kapasita hizo). Usishike kitu mpaka usomaji ushuke chini ya volti 50. Taa ya kuonyesha chaji isikudanganye, maana nayo huungua. Piga picha kila waya kabla ya kuuchomoa.

1. Soma namba ya moduli

Namba ndiyo kitambulisho. CM100DY-24H ya Mitsubishi: ampea 100, DY ni transista mbili, 24 zidisha kwa 50 upate volti 1200, H ni kizazi. 2MBI100N-120 ya Fuji: transista mbili, ampea 100, volti 1200. BSM100GB120 ya Eupec (siku hizi Infineon) nayo ni hivyo hivyo. Ukiona QM ya Mitsubishi au 6DI ya Fuji, simama hapo: hizo si IGBT, ni Darlington, aina ya zamani ya transista ya nguvu. Darlington huendeshwa kwa mkondo, ampea 1 na zaidi kwenye besi kwa moduli ya ampea 100. IGBT huendeshwa kwa volti. Huwezi kuweka moja mahali pa nyingine bila kubadilisha bodi nzima ya kuendeshea.

Kanuni ya volti: inveta ya 200–240 inatumia moduli ya 600, ya 380–480 inatumia 1200, ya 690 inatumia 1700. Usishuke hata kama bei inavutia.

2. Pima iliyokufa, isome

Multimeta kwenye alama ya dayodi, mota imechomolewa. Nyekundu kwenye DC−, nyeusi kwenye U, kisha V, kisha W (njia tatu za kwenda kwenye mota): utegemee 0.3 hadi 0.5. Geuza: isome wazi, au ipande polepole kapasita zikijaa. Halafu nyeusi kwenye DC+, nyekundu kwenye U, V, W. Masomo sita yakaribiane sana. Moja likitofautiana waziwazi na wenzake, lishuku hata kama halijafika sifuri.

Kipimo hiki kinaonyesha dayodi na shoti tu. Transista iliyokatika ndani, au geti linalovuja, halitaonekana.

Sasa angalia ilivyokufa. Fezi moja tu imelipuka? Anza na bodi ya geti ya fezi hiyo, kebo ya mota, na mota yenyewe. Sehemu ya kurekebisha umeme, yaani dayodi za kuingilia, ndiyo iliyoungua? Tazama resista ya kuchajia na relei yake, na umeme wa njia kuu. Imechemka pande zote bila mlipuko? Feni, vumbi kwenye hitisinki (chuma cha kupoozea), au pesti ya kupitisha joto iliyokauka.

3. Tafuta muuaji

Kapasita kubwa: pima uwezo. Zilizoshuka chini ya asilimia 80 ya maandishi, badilisha zote za kundi hilo kwa pamoja. Zilizounganishwa mfululizo zina resista za kusawazisha. Moja ikikatika, kapasita moja hubeba volti nyingi kuliko mwenzake.

Kapasita ndogo za bodi ya geti, zile za 22 hadi 47 mikrofaradi, ndizo ninazozilaumu zaidi. Zikikauka, volti ya geti inashuka kutoka 15 mpaka 12 au 11. Transista inawaka nusu nusu, inapata joto, inakufa chini ya mzigo huku kila kipimo cha mezani kikisema nzima. Kwenye inveta ya zaidi ya miaka kumi zibadilishe zote bila kubishana na kipimo.

Moduli ikilipuka, volti 565 hurudi kupitia geti. Kwa hiyo pima resista za geti, zena (dayodi za kuzuia volti isizidi) na optokapla (kijenzi kinachopeleka ishara kwa mwanga) za fezi ile. Resista ya omu 10 inayosoma kilo-omu kadhaa ni ya kutupwa.

Mota: ichomoe kabisa kutoka kwenye inveta, ndipo upige mega (kipima uzuiaji wa umeme wa nyaya zake). Chini ya megaomu 1, usiiunganishe.

4. Chagua mbadala kwa geti, si kwa ampea tu

Weka datashiti (karatasi za vipimo vya mtengenezaji) mbili sambamba, ya zamani na mpya, ulinganishe:

- Volti, na ampea kwa joto lilelile la ganda. Mtengenezaji mmoja huandika ampea za nyuzi 25, mwingine za nyuzi 80. Moduli mbili zenye "100" zinaweza kuwa mbali sana.
- Chaji ya geti, inayoandikwa kwa nanokulombu.
- Muda wa kuvumilia shoti. Nyingi za zamani ni mikrosekunde 10, baadhi ya mpya ni chini ya hapo. Kinga ya bodi yako ikichelewa, moduli itatangulia kufa.
- Mpangilio wa pini, urefu wa moduli, na nafasi za skurubu.
- Resista iliyojengwa ndani ya geti. Ipo kwenye vizazi vipya, na unapaswa kuihesabu.

Mfano. Bodi yenye TLP250, optokapla ya kuendesha geti, hutoa kilele cha ampea 1.5. Geti likitoka −8 kwenda +15, ni mruko wa volti 23. Gawanya 23 kwa 1.5: resista nzima ya njia ya geti, ya nje na ya ndani, isipungue omu 15 kama hakuna transista za kuongezea nguvu. HCPL-3120, optokapla nyingine ya kazi hiyo, hufika kilele cha ampea 2.5, kwa hiyo kiasi cha omu 9. Mtu akifunga moduli ya ampea 150 mahali pa 100 "kwa usalama", chaji ya geti inapanda karibu mara moja na nusu, na bodi ileile inaiwasha polepole. Moduli kubwa inapata joto kuliko ndogo. Panda ngazi moja tu, na uwe umepiga hesabu hii.

Kinyume chake, moduli mpya huzima haraka kuliko za zamani, na kuzima haraka kunazalisha msukumo wa volti kwenye vipande vya shaba vinavyobeba umeme mkubwa. Ongeza resista ya geti kidogo, na weka kapasita mpya ya kuzuia msukumo, ya filamu, juu ya pini za DC zenyewe.

5. Pima mpya kabla ya kuifunga

Moduli zilizobandikwa lebo upya ni nyingi. Kagua alama za skurubu kwenye shaba, mabaki ya lehemu kwenye pini, maandishi yanayofutika kwa spiriti.

Halafu kipimo cha betri. Vaa mkononi kamba ya kuondoa umeme tuli. Nyekundu ya multimeta kwenye kolekta, nyeusi kwenye emita (ncha mbili za nguvu za transista): wazi. Gusisha betri ya volti 9 kati ya geti na emita, chanya kwenye geti, kisha iondoe. Multimeta inapaswa kuonyesha transista imewaka, na iendelee kuwaka hata betri haipo, kwa sababu chaji imebaki kwenye geti. Ikizimika yenyewe ndani ya sekunde moja au mbili, geti linavuja, irudishe dukani. Funga geti na emita kwa waya: lazima ifunguke. Uache waya huo hapo mpaka utakapochomeka bodi. Geti halivumilii zaidi ya volti 20, na umeme tuli wa kidole unazidi hapo mara nyingi sana.

6. Kufunga

Kwangua pesti ya zamani, safisha kwa spiriti ya isopropili, pitisha rula ya chuma juu ya hitisinki. Mwanga ukipita chini ya rula, paondolewe ubonde huo kwanza.

Pesti iwe mikroni 50 hadi 100. Moduli ya milimita 106 kwa 62, kwa unene wa mikroni 80, inahitaji takriban nusu mililita tu. Ile nyembamba ya 94 kwa 34 ni robo. Pesti inapitisha joto vibaya sana ukiilinganisha na alumini. Kazi yake ni kujaza mikwaruzo, haipaswi kuwa godoro. Tandaza kwa rola ndogo, weka moduli, kaza kwa mkingamo mpaka nyutoni mita 0.5, subiri pesti isambae, kisha malizia kwa kiwango cha datashiti, ambacho kwa skurubu za M6 mara nyingi ni 3 hadi 5. Tumia spana ya kupimia mkazo. Mkono hukaza upande mmoja, na bamba la chini linapinda.

Nyaya za geti zisokotwe, ziwe fupi, mbali na shaba za nguvu.

7. Kuwasha

Kwanza bodi ya geti bila moduli, kwa oskiloskopu: kila geti lifike +15 na lirudi hasi, na mapigo sita yafanane. Kama bodi ina kinga inayosoma volti ya kolekta ili kugundua shoti, utapata hitilafu mpaka uunganishe waya wa kolekta na emita ya fezi ile. Kumbuka kuondoa kiungo hicho.

Ukishafunga moduli, weka taa tatu za volti 230 zenye waya wa kuwaka, wati 60 hadi 100, mfululizo kati ya kapasita na moduli mahali pa fyuzi ya DC. Taa za LED hazifai. Unapowasha, zing'ae kidogo na zizime. Zikibaki zinang'aa, kata: kuna shoti, na taa zimekuokolea moduli. Endesha kwa hezi chache bila mota, pima U-V, V-W, W-U: zilingane. Rudia vipimo hivyo vitatu multimeta ikiwa kwenye kipimo cha DC: isizidi volti chache. Ndipo uondoe taa, urudishe fyuzi za kasi za semikondakta, ujaribu mota ndogo, halafu mashine.

Maswali ya wanachama

Swali: Asante mwalimu. Moduli yangu ina dayodi za kuingilia na transista pamoja, na zimeungua dayodi tu. Naweza kuweka brija ya nje?

Jibu: Unaweza, ndugu, kama matokeo ya dayodi yana pini zake peke yake na njia inaweza kukatwa kwenye bodi. Brija iwe na hitisinki yake na ampea za kutosha. Ila ukiona masizi ndani au jeli imepasuka, usifanye: kaboni hupitisha umeme na itawaka tena. Ichukue kama njia ya kungojea moduli.

Swali: Mkuu, mbili za ampea 50 sambamba badala ya moja ya 100?

Jibu: Hapana, isipokuwa ni za namba moja na kundi moja la utengenezaji, kila moja na resista yake ya geti, na shaba zenye urefu sawa kabisa. Vinginevyo moja inabeba kazi ya mbili.

Swali: Nimefunga mbadala, inveta inasema joto limezidi ikiwa baridi kabisa.

Jibu: Kihisi joto cha ndani hakilingani. Moduli nyingi za sasa zina NTC (resista inayoshuka joto likipanda) ya kilo-omu 5 kwa nyuzi 25. Yako ya zamani huenda ilikuwa na thamani nyingine. Funga kihisi cha thamani ya zamani kwenye hitisinki karibu na moduli. Usiweke resista ya kudumu kuidanganya bodi, utaua moduli siku feni itakaposimama.

Swali: Yangu ni IPM. Niweke IGBT ya kawaida na optokapla?

Jibu: Fundi, IPM ina madereva, kinga ya shoti, ya joto na ya volti ndogo humohumo, na inarudisha ishara ya hitilafu kwa bodi kuu. Ukiweka IGBT tupu, hayo yote unayajenga upya. Tafuta inveta iliyokufa ya namba hiyo hiyo uvue IPM yake, uipime, na uhakikishe inapata volti 13.5 hadi 16.5 kwenye kila usambazaji.

Swali: Inveta ya akiba imekaa stoo miaka mitatu. Naifunga moja kwa moja?

Jibu: Usifanye hivyo. Kapasita zilizolala hupoteza utando wake wa ndani. Ipandishe polepole kwa transfoma ya kurekebisha volti, hatua kwa hatua kwa saa kadhaa, huku ukigusa kama kuna kapasita inayopata joto (baada ya kukata umeme na kupima).

Swali: Ni wakati gani tuache kutengeneza tununue inveta mpya?

Jibu: Darlington ikiungua pamoja na bodi yake ya besi, nunua mpya. Pia kama bodi kuu imeanza kupoteza parameta. Kabla ya yote, nakili parameta zote kwenye karatasi leo, wakati skrini bado inasomeka: namba ya mota, muda wa kupanda na kushuka, aina ya enkoda, maana ya kila ingizo. Inveta mpya bila orodha hiyo inakula siku nyingi kuliko kubadilisha moduli.