Mwaga maji ya filta ya dizeli kabla ya baridi ya Julai

Wenye pikapu na lori ndogo za dizeli hapa Nairobi, msimu huu msilaze gari tangi likiwa nusu. Usiku ukipoa, unyevu wa hewa iliyo juu ya mafuta hugeuka matone, na kwa kuwa maji ni mazito kuliko dizeli, yanatulia chini kabisa, pale mafuta yanapovutwa.

Asubuhi, kabla ya kuwasha, weka chupa safi chini ya filta, ulegeze koki yake taratibu. Mimi juzi nilipata kama vijiko viwili vya maji, yametulia chini ya dizeli kama shanga. Yangefika kwenye pampu na nozeli, bili ya fundi ingeniumiza. Yakiisha, funga koki, halafu bonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta hadi iwe ngumu. Tafadhali, usimwage mtaroni.

Breki za upepo nazo, fungua koki za tangi zake za hewa kila jioni, maji yaliyokusanyika humo yatoke. Nchi zenye theluji maji hayo huganda na kuziba paipu. Kwetu yanaleta kutu.